Ukuta Ulioinama: Kulijua Jengo Kabla ya Kulipa Kodi

(Hotuba mbele ya wazazi na vijana wa Mtendeli, wilaya ya Kakonko, mkoani Kigoma)



Siku chache zilizopita mzee mmoja wa hapa kwetu alitujia ili tumsaidie jambo alilolihesabu kuwa dogo. Kijana wake amepata kazi ya kuuza duka Dar es Salaam, na amepata chumba katika ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na kazi yake. Mwenye nyumba ataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali ataka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Mzee ameuza magunia ya maharage na mbuzi wawili, fedha zimetimia, na alichotuomba ni kwamba tumwombee dua kijana wake na tumsaidie kuzituma kwa simu, kwa kuwa macho yake hayazioni vizuri tarakimu.

Tukamwuliza: Mzee wetu, jengo hilo limejengwa lini? Akasema hajui. Limejengwa na nani? Hajui. Lina njia ngapi za kutokea? Hajui, wala kijana hakumweleza. Basi tukamwuliza juu ya wale mbuzi wawili, je, mnunuzi aliwachukua hivihivi? Mzee akacheka. Akasema mnunuzi aliwafunua midomo akatazama meno, akawapapasa mgongo, akawatembeza hatua kumi ili aone kama wanachechemea, kisha akauliza kama wamewahi kuugua. Alipomaliza kusema hayo akanyamaza, nasi tukanyamaza. Fedha hazikutumwa siku ile.

Ndugu wapenzi, hotuba yetu ya leo imetokana na kimya hicho.

Sisi watu wa nyanda hizi za juu hatuna upungufu wa maarifa ya nyumba. Mtu akijenga hapa Mtendeli, au Kibondo, au Kasulu, kijiji kizima huijua nyumba yake kabla hajahamia. Twajua udongo wa matofali ulichimbwa wapi, twajua kama tanuru liliiva vema au lilizimika usiku wa pili kwa uchache wa kuni, twajua fundi ni nani na nyumba ipi aliyoijenga kabla ya hii ilipata ufa masika ya kwanza. Hata katika kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwa hapa jirani, iliyofunguliwa Januari 2016 na kufungwa mwishoni mwa 2021, watu waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu walijua kuangalia kamba za hema na mfereji wa maji ya mvua kabla hawajalaza watoto. Na tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipoupiga mkoa wa jirani wa Kagera na kuua watu 17 kule Bukoba na vitongoji vyake, wengi wetu tulizitazama upya kuta zetu usiku uleule. Habari za nyumba kwetu zimo vinywani mwa watu, na atakaye kuzijua huuliza tu.

Lakini kijana wetu akishuka basi Dar es Salaam baada ya safari ndefu kupitia Nyakanazi na Kahama, elimu hiyo huiacha kituoni. Huonyeshwa jengo refu lililopakwa rangi, lenye vigae sakafuni na vioo madirishani, naye hudhani kwamba kitu kilichogharimu mamilioni namna hiyo hakiwezi kuwa kibovu. Huuliza maji, huuliza kama Luku ni ya peke yake au ya kuchangia, huuliza kodi. Kisha hulipa.

Yatupasa tukumbuke yaliyotokea. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Si mafundi pekee waliofukiwa. Walikuwamo wapita njia, na watoto waliokuwa wakicheza karibu na hapo. Ilibainika kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zile zilizoruhusiwa katika kibali. Kila aliyepita mtaa ule aliweza kuzihesabu ghorofa kwa kidole. Kibali kiliandika idadi nyingine, nacho kilikaa ndani ya faili.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne la biashara lilianguka Kariakoo, nalo halikuwa likijengwa, lilikuwa limejaa wauzaji na wanunuzi. Waliofariki walizidi 20, na wengi walitolewa wakiwa majeruhi. Baadhi ya walionaswa chini ya ardhi walipiga simu wakisema kwamba wangali hai. Baada ya msiba ule serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Twawaomba mlishike neno moja katika habari hii: hilo lilikuwa jengo lililokwisha simama miaka, ambalo watu walilizoea. Kusimama jana si ushahidi wa kusimama kesho, hasa pale ambapo watu wanachimba au wanavunja kuta za chini ili kupanua maduka.

Lakini habari inayotuhusu zaidi sisi wapangaji ni ile ya Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Hapo lilianguka jengo la makazi la ghorofa sita, kando ya mto, baada ya mvua kubwa. Waliokufa walizidi 50. Walikuwa watu wa chumba kimoja kimoja, wafanyakazi wa mikono, akina mama na watoto, watu wa hali kama za wana wetu. Mtoto mchanga mmoja alitolewa hai baada ya siku tatu na zaidi chini ya kifusi, na dunia nzima ilizisikia habari zake. Jambo ambalo dunia haikulisikia sana ni hili: jengo lile lilikuwa limekwisha hukumiwa na wakuu wa mji kwamba halifai kukaliwa na watu. Habari zake zilikuwapo. Waliolala ndani yake ama hawakuambiwa, ama waliambiwa na hawakuwa na fedha za kwenda kwingine.

Nchini Kenya wakaguzi huweka alama ya X ya rangi nyekundu katika ukuta wa jengo lililoonekana kuwa la hatari. Kwetu Tanzania alama hiyo tumeizoea zaidi kwa nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara, hata imekuwa kama mzaha. Mtu akiiona ukutani, na amwulize aliyeiweka kabla hajamwuliza mwenye nyumba, kwa kuwa mwenye nyumba daima atasema ni mambo ya barabara na yamekwisha. Na rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu cha ukuta nayo ina habari zake.

Hapa atasimama mtu aseme: Ndugu zetu, ajali ni kadari, na ajali ikifika haina dawa. Sisi twaiamini kadari kwa ukamilifu. Lakini Mtume Mtukufu s.a.w. alipoulizwa na bedui kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Na Hadhrat Umar r.a., alipokuwa njiani kwenda Sham na kupata habari za tauni ya Amwas, aligeuza msafara urudi Madina. Na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuielekea kadari ya Mungu. Mtume s.a.w. aliwakataza watu kulala juu ya paa lisilo na ukingo, na aliagiza taa na moto vizimwe kabla ya kulala. Ukingo wa paa na moto wa usiku, hayo ndiyo mambo ambayo mkaguzi wa majengo wa leo huyaandika katika daftari lake. Kwa hiyo yule anayelala bila kuuliza asijiite mwenye tawakali. Ni mvivu wa kuuliza, nasi twasema hivyo kwa sababu tulikuwa wavivu hao sisi wenyewe.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa vijana watatu tukipanga chumba kimoja katika jengo la ghorofa, mjini. Hatutataja mji wala mtaa. Ukutani, kutoka pembe ya dirisha hadi juu ya mlango, palikuwa na ufa uliokwenda mshazari. Tulipohamia, upana wake ulikuwa kama wa unywele. Mwaka wa pili tuliweza kuingiza ukingo wa sarafu. Mlango ulianza kugoma kufunga, tukauchonga chini kwa kisu ufunge. Kwa kuwa ufa ule uliwatia hofu wageni, tulitundika kalenda juu yake, na kila Januari tulitundika nyingine palepale. Ngazi ilikuwa moja, na geti la chini lilifungwa usiku kwa kufuli ambalo ufunguo wake alikuwa nao mlinzi, naye mlinzi alikuwa mtu wa usingizi. Jengo lile halikuanguka tulipokuwamo. Tuliondoka kwa sababu kodi ilipanda, si kwa sababu ya busara. Hatukumwambia mwenye nyumba neno lolote kuhusu ule ufa, wala hatukumwambia yule aliyekuja kupanga baada yetu. Tulimwachia hata kalenda.

Basi, ni yapi ya kuuliza na kuyatazama? Katika jiji la New York, Marekani, mpangaji aweza kuitafuta anwani ya jengo na kuona malalamiko ya wapangaji waliopita na makosa yaliyoandikwa na wakaguzi. Kwetu habari hizo zimetawanyika, na yatakiwa miguu ya mtu mwenyewe kuzikusanya.

Aanze na ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, mtendaji na mjumbe huyajua majengo yenye ugomvi, na huwajua wakaguzi waliokuja na barua waliyoiacha. Jengo la ghorofa hutakiwa kuwa na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na katika kibali hicho huandikwa matumizi ya jengo na idadi ya ghorofa. Mwulize mwenye nyumba kibali chake, kisha toka nje uhesabu. Linapojengwa, jengo hutakiwa kuwa na bango lenye jina la mhandisi, msanifu na mkandarasi; mkandarasi wa kweli huwa amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nazo bodi hizo hujibu mtu akiuliza kama jina fulani limo katika orodha yao. Nalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa chini ya sheria ya mwaka 2007, hukagua majengo na kutoa cheti. Mwenye nyumba aliye nacho hukionyesha kwa fahari. Asiye nacho hukasirika, na hasira yake ni jibu.

Karatasi zaweza kununuliwa, hilo sote twalijua. Kwa sababu hiyo twawaambia vijana wetu wawaulize zaidi watu wasio na faida katika kodi yao. Mama anayeuza mihogo ng'ambo ya barabara, kinyozi, fundi viatu, hao wamelitazama jengo kila siku. Waulizwe swali moja: je, jengo hili lilikuwa na ghorofa ngapi lilipoanza kukaliwa? Ikiwa lilikuwa na mbili na sasa lina nne, basi msingi uliowekwa kwa ajili ya mbili umebebeshwa nne, isipokuwa kama mwenye nyumba alikusudia hivyo tangu mwanzo na akajenga hivyo. Waulizwe pia kama lilijengwa kwa haraka. Zege hupimwa nguvu zake kamili baada ya siku 28. Tajiri mwenye pupa huamuru mbao zinazolishikilia ziondolewe mapema na ghorofa nyingine ianze juu yake lingali changa.

Kisha macho. Si kila ufa ni hatari; lipu hupasuka kama uso wa kiazi na haidhuru kitu. Ufa wa kuogopwa ni ule wa mshazari, unaopita kwenye nguzo au kwenye mkanda, unaoonekana pande zote mbili za ukuta, na hasa unaokua. Atakaye kujua kama unakua na agandishe kipande cha karatasi juu yake na kuandika tarehe. Karatasi ikichanika, ukuta unatembea. Tazama nguzo za chini na za ghala la chini ya ardhi ikiwa lipo: zege likibanduka, nondo zikionekana na kutoa kutu, au maji yakituama daima miguuni mwa nguzo, hapo jengo linaliwa kutoka ndani. Tazama kama kuna duka la chini lililopanuliwa, na palipokuwa na nguzo sasa pana meza. Tazama juu ya paa. Simtanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano, na tumeona mapaa yenye manne na matano kwenye majengo ambayo hapo mwanzo yaliwekewa moja.

Kuhusu moto, hesabu ngazi, na uzipite kwa miguu yako usiku wakati umeme umekatika. Uliza geti hufungwa saa ngapi na ufunguo yuko nao nani. Madirisha yenye nondo pande zote humzuia mwizi asiingie, na humzuia mtoto asitoke. Ngazi iliyojaa maboksi ya bidhaa na majiko ya mkaa si ngazi tena, ni bomba la moshi. Na namba ya zimamoto ni 114, bila malipo, ikae kichwani mwa kila mtoto wa nyumba.

Twajua jibu la vijana. Watasema dalali hana subira ya maswali haya, na chumba kitachukuliwa na mwingine kabla hawajamaliza kuhesabu ngazi. Ni kweli. Watasema nyumba iliyo salama iko mbali, na nauli ya daladala itakula mshahara. Hilo nalo ni kweli, wala hatutawadanganya kwamba usalama hauna bei. Tunachowaomba wazazi ni kwamba, wanapokusanya kodi ya miezi sita, waongeze nauli ya wiki moja ya kutafuta, na wasimsute kijana kwa simu kwamba wenzake wote wamekwisha pata. Haraka nyingi za mjini huanzia hapa nyumbani.

Lakini vipi yule aliyekwisha lipa, yumo ndani, hana pa kwenda, na ufa anauona? Kwa huyu twataka kusema kwa urefu kidogo, maana wengi wa wana wetu wako katika hali yake.

Wanazuoni wa fiqhi waliandika sura nzima juu ya ukuta ulioinama. Imamu Burhanuddin al-Marghinani wa madhehebu ya Hanafi, aliyefariki mwaka 1197, ameieleza katika kitabu chake kiitwacho Al-Hidaya. Ikiwa ukuta wa mtu umeinama kuelekea njia ya watu, na mwenyewe akatakiwa auvunje, na wakawekwa mashahidi kwamba ametakiwa, naye akauacha kwa muda ambao angeweza kuuvunja, kisha ukaanguka, basi yeye atalipia mtu aliyekufa na mali iliyoharibika. Haki ya kumtaka auvunje haikuwekwa mikononi mwa kadhi pekee. Ni ya mpita njia yeyote, mwanamume au mwanamke, Mwislamu au asiye Mwislamu. Ukuta ukiinamia nyumba ya jirani, haki ni ya mwenye nyumba hiyo, na waliomo ndani yake kwa kukaa tu wanayo pia. Tena, ikiwa mtu aliujenga ukuta ukiwa umeinama tangu mwanzo, atawajibika hata kama hakuonywa na mtu yeyote.

Kuna sharti moja katika sura hiyo ambalo twaliona kama limeandikwa kwa ajili ya miji ya leo. Onyo halihesabiki mpaka limfikie yule mwenye uwezo wa kuvunja. Kumwonya mpangaji wa nyumba yenye ukuta ule hakutoshi, maana hana mamlaka juu ya ukuta. Kwa hiyo, ndugu wapenzi, kumnong'oneza mlinzi hakutoshi. Kumlalamikia dalali hakutoshi. Kulalamika wapangaji kwa wapangaji ngazini, jambo ambalo sote twalifanya kwa ufundi mkubwa, hakumfungi mtu yeyote.

Wapangaji na wakae pamoja, waandike barua moja kwa mwenye nyumba, wataje ufa uko wapi na tarehe waliyouona, wote watie sahihi, nakala iende kwa mtendaji wa mtaa na kwa mhandisi wa halmashauri, na nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi mikononi mwao. Kuanzia siku hiyo mwenye nyumba hawezi tena kusema hakujua.

Mwaweza kuuliza, je, barua huzuia jengo lisianguke? Mjini London, Uingereza, kulikuwa na jengo la ghorofa 24 liitwalo Grenfell Tower. Wakazi wake walilalamika kwa miaka kuhusu hatari ya moto, na mnamo Novemba 2016 kikundi cha wakazi kilitangaza kwa maandishi kwamba huenda ni msiba mkubwa tu utakaowafanya wakubwa wasikie. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, katika mwezi wa Ramadhani, moto ulizuka muda mfupi kabla ya saa saba, ukapanda ukuta wa nje uliokuwa umefunikwa kwa vitu vinavyoshika moto, na watu 72 wakafa. Baadhi ya waliookoka waliamshwa na majirani Waislamu waliokuwa macho kwa ajili ya Ramadhani. Barua zile hazikuuzima moto. Lakini tume ya uchunguzi, iliyotoa ripoti yake ya mwisho Septemba 2024, ilieleza kwa urefu jinsi sauti za wakazi zilivyopuuzwa, na waliozipuuza hawakupata pa kujificha. Kinyume chake, kule Embakasi, Nairobi, Juni 2017, wakazi wa jengo la ghorofa saba waliona nyufa zikifunguka, habari zikafika, na wengi wao walikuwa wamekwisha toka lilipoanguka. Wachache walibaki au walirudi kuchukua vitu vyao, na humo ndimo walimopatikana waliokufa. Kwa hiyo akina mama, ikiwa mtoto akipiga simu usiku kwamba wameamriwa watoke na televisheni imebaki ndani, msimwambie airudie.

Tumalizie na wale miongoni mwetu ambao Mwenyezi Mungu amewakunjulia riziki, wakajenga. Watu wa Kigoma si wapangaji tu. Wamo wenye nyumba Kigoma mjini, Kasulu, Mwanza na Dar es Salaam. Ninyi mwajua kwamba muuzaji aliyeficha kasoro ya bidhaa yake, mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Hukumu hiyo imo katika upangishaji pia: nyumba ikionekana na kasoro inayozuia kuitumia, mpangaji ana haki ya kuuvunja mkataba. Basi yule anayechukua kodi ya miezi sita na kuandika katika mkataba kwamba haitarudishwa kwa hali yoyote, na ajiulize ameandika nini. Naye anayepaka rangi juu ya ufa wiki moja kabla mpangaji hajaja, huyo hana tofauti na yule aliyeweka nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu sokoni, ambaye Mtume s.a.w. aliingiza mkono wake ndani ya lundo lake na kugusa unyevu.

Kuhusu mzee wetu tuliyeanza naye, yupo hapa leo, na ametupa ruhusa tuseme. Tulimpigia kijana wake simu, tukampa maswali tuliyoyataja. Amekwisha leta majibu ya baadhi. Ngazi ni mbili, lakini moja imefungwa kwa kufuli tangu mwaka jana. Fundi viatu wa mtaa huo amesema ghorofa ya nne iliongezwa baadaye, na mwenye duka la chini amekana. Kibali mwenye nyumba ameahidi kukionyesha, na siku mbili zimepita. Dalali amepiga simu mara tano, akisema kuna mtu mwingine amesimama na fedha mkononi. Fedha za mzee zingali zimefungwa katika kitambaa. Kijana ameahidi kupiga simu baada ya sala ya Isha, naye mzee ametuomba tukae naye.

Vijana watatu wanaosafiri wiki ijayo wasiondoke. Tutawaandikia maswali hayo katika karatasi, na anwani za ndugu zetu walioko mjini ambao wamekubali kufuatana nao kuangalia nyumba.

Wassalaam.